Mwenyekiti Asiyerudisha Vitu

Alipoingia nyumbani kwa mtu akasema, "Nimekuja kuomba," watu waliinamisha vichwa. Huku kwetu Kilungu ukitamka neno hilo mlangoni, redio inazimwa, watoto wanafumba macho, na mwenye nyumba anavua kofia akingoja maombi yaanze. Mwenyekiti aliwaacha wangoje kidogo. Kisha, katikati ya ule ukimya mtakatifu, akamalizia:

"Mfuniko wa sufuria."

Mara ya kwanza kumsikia nilikuwa mtoto, na nilicheka hadi mama akanifinya paja. Yeye mwenyewe hakucheka. Alituangalia mmoja mmoja kama watu waliokosa adabu. "Kwani mnafikiri ni Mungu tu anaombwa?" Akauchukua mfuniko, akaupachika kwapani, akaondoka. Sufuria yetu ilifunikwa kwa sahani tangu siku hiyo.

Alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kikundi chetu cha kazi. Ni watu kama thelathini kutoka maboma ya mteremko mmoja. Jumanne hii wanalima kwa huyu, Jumanne ijayo kwa yule, wakichimba mitaro ya fanya juu ili mvua isiteremke na shamba lote hadi mtoni. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita kwa jina hilo. Mchungaji alimwita Mwenyekiti. Wajukuu wake pia.

Kuomba kwake kulikuwa na taratibu mbili. Kwanza, hakuomba kitu kizima. Alichukua mpini akakuachia jembe. Alichukua mfuniko akakuachia sufuria. Kwa dereva mmoja mstaafu alichukua betri moja ya tochi, ile nyingine akaiacha mezani. Pili, hakurudisha. Ukitaka chako, ukifuate. Na kwa kuwa siku nyingine zote alikuwa jikoni kwa mtu fulani usiyemjua, mahali pamoja tu pa kumpata kwa uhakika palikuwa kwenye mtaro, Jumanne.

Mimi nilisoma miaka minne chuo kikuu na sikuona mpango wowote katika jambo hilo. Nilidhani ni mama msahaulifu.

Alikuwa mfupi, akitembea bega moja mbele kama anayesukuma mlango uliokwama. Alivaa leso juu ya sweta, hata jua likiwa kali. Chai alikunywa bila sukari, na habari za watu alizitoa na sukari nyingi. Ukimwambia siri asubuhi, mchana ilikuwa imefika barabarani, wanakosimama watu wa boda boda. Jembe hakulijua. Mtaro wake ulipinda kama njia ya mbuzi, na yeye ndiye aliyewakaripia wengine kwa kupinda. Alishika kinyongo vizuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Jirani yake mmoja alikata tawi la mti wa matomoko uliokuwa mpakani, na kwa miaka hawakusemezana. Lakini jirani huyo alipougua, Mwenyekiti alikwenda akakaa kando ya kitanda chake kila siku kwa wiki mbili, akampikia uji, akamfulia, bila kusema hata neno moja, ili kinyongo kisiharibike.

Kila Jumanne aliita majina kwa mdomo, bila daftari. Aliyekosa aliitwa mara tatu, Mwenyekiti akiwa ameelekeza uso upande wa nyumba yake, hata kama nyumba iko ng'ambo ya bonde. Sauti yake ilivuka. Kama hakuna jibu, alitema mate pembeni na kusema, "Baada ya kazi nina safari." Sote tulijua kuna mtu atakayepoteza mfuniko siku hiyo.

"Mtu akikosa Jumanne moja ana homa," alizoea kusema. "Akikosa mbili, ana sababu. Akikosa tatu, mimi silali."

Na alikuwa na swali lake moja. Ukimwambia umechoka, aliuliza, "Umechoka mkono ama umechoka watu?" Wa mkono aliruhusiwa kwenda kukaa kivulini. Wa watu alipangwa kando ya mtu mwenye kelele kuliko wote. Mara nyingine alikosea vibaya. Aliwahi kumpanga mwanamume aliyefiwa na mke kando ya mwenye kinu cha posho, ambaye hawezi kukaa dakika mbili bila mzaha, na yule mwanamume akaangusha jembe akaenda nyumbani analia. Mwenyekiti alimfuata. Nasikia alikaa naye hadi giza likaingia, akatoka na kifuniko cha birika.

Nilipomaliza chuo nilirudi kwa mama na sanduku moja na cheti ndani ya bahasha ya kaki. Nilituma barua za kazi, nikangoja, nikatuma tena. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo hadi lichakae. Mtu akiniitikia salamu kwa kifupi, ninarudi nyumbani kulitafuta kosa langu, na ninalipata. Kwa hiyo nilianza kwenda dukani kwa njia ya chini, nisikutane na mtu wa kuniuliza kama nimepata kazi. Halafu nikaacha kwenda dukani. Halafu kanisani. Mwethya, ambako nilikuwa nachimba kwa niaba ya mama kwa sababu mgongo ulimkataza, nikakosa pia.

Sitaandika yote yaliyokuwa kichwani mwangu. Itoshe kusema nilifika mahali nikaamini, kwa hesabu niliyoiona haina doa, kwamba nyumba ingepumua vizuri zaidi bila mimi. Nilifikiria kufa kila siku. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu karibu wa kunipinga, hoja zangu zote zilishinda.

Jioni ya Jumanne ya tatu alisimama mlangoni. "Nimekuja kuomba."

Sikuinamisha kichwa. "Nini, Mwenyekiti?"

"Gambuti."

Nikamletea zile buti zangu za mpira, zote mbili. Akachukua ya kushoto, ile ya kulia akaisukuma kwa mguu irudi kwangu.

"Moja?"

"Mguu wa kushoto ndio unaingia maji."

"Lakini mguu wako ni mdogo kuliko hii. Itakuvuka—"

"Wewe Digrii," akasema, "nimekuja kupimwa viatu ama nimekuja kuomba?"

Nilikaa na gambuti moja siku saba. Niliifikiria asubuhi, niliifikiria jioni. Je, ni dharau? Ni mama aliyemtuma? Au akili zinaanza kumpotea, na kama zinampotea, je, ni vibaya kumdai mgonjwa kiatu? Ni baadaye sana nilipogundua kwamba kwa siku hizo saba ile hesabu yangu ya kutisha ilikuwa imebanwa pembeni, ikigombania nafasi na kiatu cha mpira.

Jumanne nikaenda kukichukua. Nilikuwa nimetunga hotuba ya sentensi nne, yenye heshima. Nilimkuta juu ya mtaro amevaa viatu vyake mwenyewe, gambuti yangu imetundikwa kwenye kijiti kama bendera. Kabla sijafungua mdomo akanionyesha nafasi kati ya mwenye kinu cha posho na yule dereva mstaafu. "Simama pale."

Katika fanya juu, udongo unatupwa upande wa mlimani. Kila mtu ana hatua zake nne, na wote wanamaliza ndipo mstari unasogea. Nilichimba kama mtu anayekuna mgongo wa mtu mwingine.

"Digrii," mwenye kinu akasema, "huo udongo unautupa ama unaubembeleza?"

"Muache," dereva akajibu, "huko chuoni wanafundishwa kuuomba ruhusa kwanza."

Mstari mzima ukacheka. Mimi nikacheka pia, na sauti iliyotoka ilinishtua, kama mlango usiotiwa mafuta. Nilikuwa sijaisikia kwa muda mrefu.

Siwezi kudai kwamba mtaro mmoja uliniponya. Nilirudi nyumbani nikaikuta ile hesabu inaningoja kitandani. Lakini sasa, kila Jumanne, ilikuwa na wapinzani thelathini, wote wanapiga kelele. Ilianza kushindwa hoja moja moja. Miezi mingi baadaye nikapata kazi ya ofisi mjini Kitui, na huko nikajilazimisha kwenda kumwona mshauri katika hospitali. Alikuwa mama mtaratibu mwenye miwani. Aliniuliza moja kwa moja, bila kuzunguka, kama nimewahi kufikiria kujiua. Nakumbuka mabega yangu yalishuka yenyewe. Ndipo nikajua kwamba katika mambo yote aliyonifanyia Mwenyekiti, hilo hakulifanya. Hakuniuliza. Hakumuuliza mtu yeyote, kamwe.

Sababu niliipata kwa mama, likizo moja, tukichambua mbaazi uani.

Mwenyekiti alikuwa na ndugu mdogo. Hii ni kabla sijazaliwa. Alifanya kazi katika mji mmoja wa barabara ya Mombasa, kazi ikaisha, akarudi nyumbani akajifungia chumbani. Watu wa mteremko walimheshimu. Walisema aachwe apumzike. Dada yake pia alimheshimu. Kila jioni alimwekea chakula kwenye kigoda nje ya mlango, akaondoka polepole asimsumbue. Siku moja chakula cha jana kilikuwa bado kipo.

"Alijiua," nikasema.

Mama alitazama huku na huku, ingawa tulikuwa wawili. "Tulisema ni ajali. Mchungaji alisema ajali, chifu akasema ajali. Hakuna gari lililomgonga, na sote tulijua. Msimu uliofuata yeye akachukua uenyekiti, akaanza kubeba mifuniko ya watu."

Basi mlimani kwetu neno ajali lina maana mbili, na watoto wanakua wakijua ni ipi kwa jinsi mtu mzima anavyoshusha sauti. Mwenyekiti, ambaye hakuweza kutunza siri ya mtu hadi saa sita mchana, aliitunza hiyo moja miaka yote. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo nilikuwa nimeliona bila kulielewa. Mwethya haikuwahi kuchimba kwake. Zamu yake ikifika alisema, "Kwangu kumekaa sawa," akaruka kwenda kwa anayefuata. Kwake hakukukaa sawa. Kingo za mitaro yake zilikuwa zimebomoka, na mahindi yake yaliota kwenye mawe.

Mwaka jana magoti yalimkataa. Alishindwa kupanda mteremko, akaacha uenyekiti, na kikundi kikamchagua mwenye kinu cha posho, ambaye alinunua daftari na kuita majina kwa utaratibu mzuri. Mimi nilikuwa Kitui. Niliporudi likizo, niliona kitu kwenye rafu ya jikoni kikanifanya nisahau kuweka mkoba chini. Ulikuwa mfuniko wa sufuria yetu.

"Mwenyekiti ameurudisha?"

"Ameutuma," mama akasema kwa furaha. "Amerudishia kila mtu. Mipini, mifuniko, hata ile betri ya dereva. Ati anasafisha nyumba."

Mteremko mzima ulikuwa unacheka. Watu walionyeshana vitu ambavyo hawakuwa wameviona kwa miaka, na dereva alikuwa ameitia ile betri kwenye tochi kuona kama itawaka. Mimi niliona mtu anayefunga hesabu zake, na nikaogopa.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu woga wangu. Umenidanganya mara nyingi. Umewahi kuniambia kwamba mama amekufa kwa sababu simu yake haikuita. Kwa hiyo nilijiuliza, huu ni woga ule ule, au safari hii unasema kweli? Nikikaa kimya na ni kweli, tutasema ajali tena. Nikiuliza na si kweli, nitakuwa nimemtukana mama wa watu ambaye aliniokoa. Nilipanda njia ya kwake nikilifanyia mazoezi swali, nikigeuka kurudi, nikigeuka tena kupanda. Mtu aliyekuwa akichuna matomoko juu ya ngazi aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mlango ulikuwa wazi. Nyumba ilikuwa imefagiliwa hadi ikabaki haina mtu ndani yake, ingawa alikuwa ameketi pale katikati.

"Digrii."

"Mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na sikuwa nimewahi kumwita hivyo.

Alinyoosha kidole kwenye leso mpya iliyokunjwa mezani. "Ukishuka mpitishie yule wa mti wa matomoko. Mwambie yameisha."

Kinyongo kile. Alikuwa ametupa hata kinyongo. Nilijaribu njia yake kwanza, kwa sababu ndiyo niliyoijua na kwa sababu niliogopa ile nyingine. "Nimekuja kuomba," nikasema.

"Chukua."

"Sijasema nini."

"Chukua unachotaka. Mimi ninoete." Alikuwa akisema amechoka, kwa Kikamba.

Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikimbia, yakabaki yale matatu yasiyokuwa na heshima yoyote.

"Mwaitu, unafikiria kujiua?"

Alinyanyuka nusu, magoti yakamrudisha. "Neno hilo halijawahi kuingia nyumba hii! Nani amekufundisha kusema hivyo mbele ya mtu mzima? Ndiyo hiyo digrii?"

"Wakati ulipochukua gambuti yangu," nikasema, "mimi nilikuwa nafikiria kujiua. Kila siku."

Kuku aliingia, akadonoa sakafu tupu, akatoka.

"Nilijua," akasema.

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa ungesema ndiyo."

"Ningesema ndiyo."

Mimi, ambaye huwa najaza kila ukimya, sikuujaza. Nilivuta kigoda nikakaa karibu hadi magoti yetu yakagusana.

"Ndiyo," akasema hatimaye, taratibu, kama mtu aliyeitikia jina lake.

Nilikuwa nimeamini neno hilo likisemwa paa litaanguka. Halikuanguka. Ndiyo yake ilikuwa kitu tungeweza kukishika, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Alianza kuongea. Aliongea juu ya ndugu yake, akalitaja jina lake, na kile kigoda, na sahani. Aliongea juu ya magoti, na Jumanne za kusikia mwethya ikicheka mteremko wa pili huku yeye amekaa. Sikuondoka. Nilimpigia mama, akaja na blanketi lake na mbaazi za kupika, akatangaza kwamba amehamia. Mhudumu wa afya wa kijiji akaja. Asubuhi tukampeleka hospitali, na daktari kijana aliyemwona hakushangaa wala hakushusha sauti. Alimuuliza maswali yale yale ya wazi, akampa dawa, akampangia siku za kuja kuongea. Binti yake akafika kutoka Ikutha mchana, vumbi hadi kwenye nyusi.

Jumanne iliyofuata, watu thelathini wenye majembe walipanda kwa Mwenyekiti.

"Nani amewaita?" akapiga kelele kutoka mlangoni.

Mwenye kinu alikuwa mbele, daftari mfukoni. "Hakuna. Tangu uturudishie vitu hatuna mahali pa kwenda kuvifuata. Tumezurura tu, tukajikuta hapa."

"Kwangu kumekaa sawa!"

"Tunaona," dereva akasema, akitazama ule udongo uliobomoka. "Kumekaa sawa hadi mtoni."

Walichimba. Yeye alilia dakika tano, na baada ya hapo akaomba kiti kisogezwe karibu, kwa sababu kuna mtu alikuwa anapindisha mtaro. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nimekaripiwa mara nyingi maishani, na kila mara nimekesha nikilitafakari karipio. Hilo nililala nalo kama blanketi.

Siku hizi hukaa nusu ya mwaka Kilungu na nusu kwa binti yake Ikutha. Hajapona kama mtu anavyopona homa. Ana wiki za giza, anazitaja kwa jina sasa, anameza dawa zake, analalamika kwamba zina ladha ya chaki. Mwezi uliopita kazi ilinipeleka kusini mwa Kitui, nikapita Ikutha kumsalimu. Binti akaniambia mama yake ameenda sokoni.

Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa ameegemea fimbo, amemshika mbuzi mweupe sikio, akimwambia mfanyabiashara mwenye kofia ya manyoya, aliyeshika mbuzi watatu kwa kamba, kwamba mnyama huyo ana umri wa kupiga kura.

"Mama, huyu bado ananyonya," mwenye mbuzi akasema.

"Basi ananyonya sigara. Mfungue mdomo tuone meno." Aliponiona hakumwachilia sikio. Alinivuta kwa mkono wa pili, akanigeuza nimtazame yule mwanamume, na kwa ile sauti inayovuka mabonde akasema, "Huyu ni msichana wetu wa Kilungu. Huyu ndiye aliniuliza kama nataka kujiua."

Wanunuzi wawili waligeuka. Mama aliyekuwa akipima ndengu akaacha kopo hewani. Niliona aibu ya aina niliyozoea, ile inayoanza masikioni, nikaangalia chini nikitafuta mahali pa kuingia. Lakini Mwenyekiti alisimama wima, amenishika mkono kama mtu anayeonyesha kombe.

Mwenye mbuzi akauliza, "Na ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo. Sasa nipunguzie huyu mbuzi. Nimeamua kuishi na nyumba haina maziwa."

Watu walicheka, kwa sababu alikuwa amewaruhusu. Mwenye mbuzi alicheka pia, kidogo, halafu kicheko kikamwishia usoni. Alivua kofia. Akasogea karibu, akashusha sauti kama wanavyoishusha kwetu.

"Mama, na mtu anauliza aje? Kuna ndugu yangu. Huu ni mwezi wa pili hatoki. Tunasema tumwache apumzike."

Nilimwona Mwenyekiti akishtuka. Sikio la mbuzi likamtoka mkononi. Nilidhani ataketi chini. Badala yake alipokonya kamba zote tatu kutoka mikononi mwa yule mwanamume.

"Anauliza hivyo tu," akasema. "Kwa mdomo. Piga simu."

"Saa hii? Sokoni?"

"Saa hii. Halafu uende kwake, usiingoje kesho. Na akisema ndiyo usikimbie, kaa naye, mpeleke hospitali. Huyu msichana atakuandikia pa kwenda."

Nilikuwa tayari natafuta kalamu. Mwanamume alisogea hatua chache hadi kwenye ukuta wa duka la dawa za mifugo, akatugeuzia mgongo, simu sikioni. Tulisikia akisalimia. Tulisikia akiuliza habari za mvua, za ng'ombe, za mvua tena. Mgongo wake ukanyooka. Akauliza, kwa Kikamba, kwa maneno ya wazi.

Halafu akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu, akitikisa kichwa kila baada ya muda, mkono umefunika macho, na hakukata simu. Nilijua maana ya kusikiliza kwa namna hiyo. Upande wa pili kulikuwa na mtu anaongea.

Mnunuzi mmoja alikuja akampiga yule mbuzi mweupe mgongoni. "Huyu ni wa nani? Mwenyewe yuko wapi? Tuna haraka."

"Rudi nyuma," Mwenyekiti akamwambia, akizizungusha kamba mkononi mwake mara mbili. "Mbuzi hawauzwi sasa hivi. Mwenyewe anaongea na ndugu yake."